Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Ofisa wa Viza: tunaomba nafasi ya kusahihisha kabla ya kulipa

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Dodoma. Jina lako na la nchi yako siyaandiki hapa, lakini utajitambua. Ulipokutana na sisi wafanyabiashara wadogo hapa mjini, ulisema mbele ya watu kwamba fomu yenu ya viza ya mtandaoni itawekewa maelezo ya Kiswahili, na kwamba mwombaji aliyekosea kitu kidogo atarekebisha bila kulipa upya. Tulikupigia makofi. Nimesubiri kwa adabu, na wiki iliyopita adabu hiyo imenishinda.

Mama mmoja, mkulima wa zabibu wa Hombolo, alikuwa ampeleke mwanawe kwenu kutibiwa macho. Fomu alijaziwa na mtoto wa dada yake kwa simu. Kisanduku cha kwanza kinataka jina la ukoo. Kijana akaanza na jina la mama mwenyewe, kisha la baba, kisha la babu, kama tunavyoandika wote tangu darasa la kwanza. Mfumo wenu ukapokea. Ukapokea na fedha. Viza ikatoka, ina mhuri na kila kitu. Wakapanda SGR hadi Dar es Salaam, wakafika uwanja wa ndege, na pale kaunta mhudumu akaweka viza kando ya pasipoti, akatazama huku, akatazama kule, akamwambia mama majina hayalingani, hawezi kumpandisha. Tiketi zikapotea. Mama alikuja stesheneri kwangu hapa Majengo akitokea moja kwa moja stesheni, mtoto kamshika mkono, miwani myeusi usoni, akaniuliza kama naweza "kulipindua" jina lirudi sawa.

Nilifungua ombi lake. Hakuna pa kurekebisha. Kuna maelekezo ya kuomba upya na kulipa upya, basi. Barua pepe niliyowaandikia imejibiwa na mashine.

Mheshimiwa, kinachonikera zaidi ni kwamba kosa hili mlikuwa na uwezo wa kuliona kabla hamjachukua senti. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili ya herufi, kila mmoja una nafasi 44, kwa utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga unaofuatwa dunia nzima. Kwa pasipoti yetu mstari wa kwanza unaanza na P, inafuata TZA, halafu jina la ukoo, alama mbili za mshale, ndipo majina mengine. Mstari wa pili una namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa kwa kuanzia mwaka, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na kila kimoja kati ya hivyo kinafuatwa na tarakimu ya ukaguzi, inayokokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia. Mistari hiyo iliwekwa ili isomwe na mashine. Na ninyi mnatudai tupakie picha ya ukurasa huohuo! Mashine yenu ingeisoma, ikalinganisha na kilichoandikwa kwenye visanduku, ikasema: ndugu, hapa pana tofauti, angalia tena. Kazi ya sekunde chache.

Wateja wangu siku hizi nawafundisha kunakili kutoka kwenye mistari hiyo, kitu kwa kitu, wala wasiandike kwa kichwa. Nawaambia watazame kama fomu inataka mwezi kwanza au siku kwanza, maana 04/07 na 07/04 ni watu wawili tofauti mbele ya ofisa. Nawaambia waangalie sifuri na herufi O, na kama pasipoti ina angalau miezi 6 mbele yake, kwa sababu nchi nyingi zinadai hivyo. Na nawaonya juu ya vishoka, mawakala wa uongo: tovuti zao zimepambwa bendera na nembo, zinatoza ada juu ya ada. Yote haya nayafanya mimi, mwenye mashine ya fotokopi, wakati maelezo uliyoahidi wewe hayajaonekana.

Nashindwa kuondoa mawazo kwamba fomu hii ilitengenezwa na watu ambao hawajawahi kuketi na Mtanzania mwenye majina matatu. Na nikiona ada inavyolipwa mara ya pili na ya tatu kwa herufi moja, nafikiri pia kwamba hakuna anayeharakisha kurekebisha kinachoingiza fedha. Kama nimekuonea, nionyeshe kwa vitendo.

Kwa huyu mama, naomba ombi lake jipya lipite bila ada. Zabibu zinavunwa kwa msimu, hana mavuno mengine ya kuuza leo. Maelezo ya Kiswahili tunayahitaji. Mtu wa kujibu barua pepe tunamhitaji. Lakini kama hayo yote ni mengi kwa sasa, basi hili moja, Mheshimiwa: ukurasa wa kuhakiki, wenye kitufe cha kusahihisha, kabla ya malipo. Kabla ya malipo. Ulishakiahidi kwa mdomo wako, kiweke.

Wako,
Mwenye stesheneri, Majengo, Dodoma