Ombi moja halizunguki kampasi zote za California

Mhariri,

Ifikapo Oktoba vijana wetu wenye shahada ya kwanza huanza kuulizana namna ya kuomba uzamili na uzamivu Marekani, na Chuo Kikuu cha California hakikosi kutajwa. Kuna ushauri unaowaponza: kwamba ukijaza fomu moja, kampasi zote 10 zimekuona. Fomu ya pamoja ipo kwa wanaoomba shahada ya kwanza tu, tena kwa kampasi 9, kwa kuwa San Francisco haina shahada hiyo. Yenyewe ni ya tiba na sayansi za afya. Kwa ngazi za juu, kila kampasi ina fomu na ada yake, na ndani ya kampasi unaomba programu mahususi. Wanaokusoma ni walimu wa idara. Kuwasifia umaarufu wa kampasi ya Berkeley ni kupoteza nafasi ya insha. Waeleze unataka kuchunguza nini, na ni nani pale anayeshughulikia jambo hilo.

Kosa linalotuuma zaidi liko kwenye GPA, yaani wastani wa alama. Mtu ana 3.6 kwa mizani yetu ya 5, daraja la pili la juu. Ili kuipeleka kwenye mizani ya Marekani ya 4, anazidisha kwa 4, anagawa kwa 5, anapata 2.88. Akisoma kwamba kigezo cha chini ni 3.0, anaacha kuomba. Hesabu hiyo si yake kuifanya! Aandike 3.6 kati ya 5, kisha aambatishe ufunguo wa madaraja. Ufunguo huo mara nyingi umechapwa nyuma ya transkripti, na wengi huskani upande wa mbele peke yake.

Pia si lazima uwe na uzamili ndipo uombe uzamivu. Programu nyingi huchukua mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na hapo ndipo penye fedha: uzamivu, hasa wa sayansi, kwa kawaida huja na ufadhili au kazi ya kusaidia kufundisha, ilhali uzamili wengi hujilipia. Uliza mapema nani atalipa ile nyongeza ya ada ya wasio wakazi wa California, ambayo kwa miaka mingi imekuwa dola 15,102 kwa mwaka. Mmarekani wa jimbo jingine anaweza kupata ukazi baada ya mwaka. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi. Mwanafunzi wa uzamivu huondolewa nyongeza hiyo, kwa muda usiozidi miaka 3, akishapita kuwa mtahiniwa rasmi wa shahada, yaani amefaulu mitihani ya awali na amebakiza tasnifu. Kuchelewa kufika hatua hiyo kuna gharama.

Tusikichanganye Chuo Kikuu cha California na California State University, ambayo ni mfumo mwingine kabisa, wenye programu nyingi za uzamili na uzamivu mchache.

Ombi letu la mwisho ni kwa wahadhiri. Barua za mapendekezo haziji tena kwenye bahasha. Mfumo hukutumia kiungo kwa barua pepe, nacho huweza kuangukia kwenye folda ya taka. Programu nyingi hufunga kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, wakati wengi wenu mko likizo. Mwanafunzi akiwaomba Oktoba, tafadhali iandikeni Oktoba hiyohiyo.

Washauri wa masomo ya juu,
Dar es Salaam