Rufaa, na ile kozi mpya

Wanakikundi, habari za jioni. Naona wengine mnapeleka rufaa za matokeo moja kwa moja kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Zitarudishwa tu. Anzieni idarani, Seneti (chombo kikuu cha taaluma cha chuo) ni mwisho wa safari. Barua itaje kasoro ya utaratibu: ripoti ya mtahini haikuletwa, kikao cha tarehe fulani hakikufanyika. "Nimeonewa" peke yake haisaidii, hata kama ni kweli (na najua kwa baadhi yenu ni kweli). Bakini na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Ile shahada ya uzamili mpya: Seneti kuipitisha hakutoshi, lazima na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) iithibitishe. Msilipe ada kabla ya kuiona kwenye orodha ya TCU.

Mwenye kanuni za uzamili za chuo aziweke hapa. PDF jamani, si picha za simu!