Kabla hujarudi kwa yule mtaalamu

Shoga yangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Pole na mtoto, pole na kukesha. Sikuandikii kukusuta, anayestahili kusutwa humu ni mimi, na utaona. Ila kuna maneno yameninyima usingizi: kwamba huyo mganga mnayemwita mtaalamu amesema dawa za kifafa za mtoto ziwekwe kando siku saba "ili kazi yake isiharibike", na kwamba usimwambie mtu.

Tuanze na dawa. Dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Mwili uliozoea dawa ukinyimwa, degedege laweza kurudi kwa nguvu kuliko lilivyokuwa, na likipita dakika tano ni la kukimbizwa hospitali, si la kungojea saa ya kufukiza. Jioni hii mpe dozi yake. Kama ameshazikosa kadhaa, mpigie daktari wake sasa hivi umuulize umrudishie vipi.

Sasa yangu. Unakumbuka kidonda cha mama kisichopona? Nilikwambia tunamuuguza nyumbani. Nilikudanganya, nilikuwa nampeleka kwa mtu.

Siku ya kwanza tuliwekwa kwenye benchi, nje. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye viatu vya kijani, kisigino kimoja kimelika. "Pole mwanangu, unaugulia nani?" Wiki nzima sikuwa nimeambiwa pole na mtu. Nikamwaga yote: mguu wa kushoto, sukari, wifi yangu tuliyegombana naye kwa ajili ya kiwanja. Baadaye kidogo nikaitwa ndani. Mzee akafumba macho: naona mguu, wa kushoto, naona damu yenye utamu, naona mwanamke kaingia kwenu kwa ndoa, jicho lake liko kwenye ardhi. Nililia kama mtoto. Safari ya nne nikavikuta viatu vya kijani palepale, mwenye navyo anampa pole mtu mwingine.

Nimekuja kusoma kwamba hata wakubwa wao hufanya hivyohivyo. Huko Marekani mhubiri Peter Popoff alikuwa akiwataja wagonjwa ukumbini kwa majina na maradhi yao, watu wakidhani anasemeshwa na mbingu. Mwaka 1986 James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa akiwaumbua matapeli, alikwenda na wenzake wakiwa na kinasa mawimbi, wakamsikia mke wa Popoff kwenye megahezi 39.17 akimsomea mumewe kadi ambazo wagonjwa walizijaza wenyewe. Mhubiri alikuwa na kifaa sikioni. Mwaka uliofuata akatangaza kufilisika, kisha baada ya miaka akarudi kwenye televisheni na maji ya miujiza. Yeye alikuwa na redio, wetu alikuwa na viatu vya kijani.

Unasema wako hakuuliza chochote, na bado alijua kwamba "unacheka mbele za watu huku moyoni unaungua". Shoga, nani asiyeungua? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kila mmoja karatasi ya maelezo ya tabia yake, akawaambia waipime kwa alama 0 hadi 5. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja, na maneno yake yalitolewa kwenye kitabu cha nyota.

Na damu niliiona kwa macho yangu. Mguu wa mama ulipakwa unga wa njano, ukatiwa kwenye beseni la maji maangavu, maji yakawa mekundu. "Kijicho hicho kinatoka." Mpwa wangu anayesoma kemia alinichekea, akachukua kikombe, akatia manjano na maji ya magadi. Wekundu uleule. Nilikikodolea macho kile kikombe. Nilikuwa nimelipia rangi.

Malipo yalianza kidogo, kama yako. Halafu kafara, halafu kafara ya kafara. Kazi ikikwama mkosaji ni mimi: nimekanyaga kizingiti vibaya, nimesema na wifi. Pesa imekwenda, basi. Lakini mama alikatwa vidole viwili, na wifi tulinuniana miaka miwili. Wifi huyohuyo ndiye aliyelala naye wodini.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa sauti. Uliandika kwamba Ijumaa utaingia kuogeshwa peke yako, mumeo abaki nje. Usiingie. Huko Brazili, mganga wa kiroho João Teixeira de Faria alikuwa akifuatwa na wagonjwa kutoka pande zote za dunia mpaka mji mdogo wa Abadiânia. Mwishoni mwa 2018 wanawake wakaanza kusema, mmoja akimpa mwingine ujasiri, wakawa mamia. Desemba 2019 mahakama ilimhukumu zaidi ya miaka 19 kwa kuwabaka wanawake wanne, na hiyo ilikuwa hukumu ya mwanzo tu kwa makosa ya namna hiyo. Wengi walikuwa wamenyamaza miaka mingi, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Sikukatazi dua. Anayekuombea kwa nia njema hataona tabu ukija na dada yako, wala ukiwa na chupa ya dawa mkobani.

Huyo mtaalamu akikupigia, mwambie mtoto ana kliniki, ukate. Usibishane naye, maneno hayo ameyazoea kuliko wewe. Picha za watoto usitume tena, na jumbe zake za kudai pesa usizifute, nitazitaka. Nakuja Jumamosi asubuhi.

Mumeo mwambie leo. Akifoka, mpe barua hii aisome, aanzie pale kwenye viatu vya kijani.

Shoga yako wa siku zote