Dania ya Kusi, Bamia ya Kaskazi: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wakulima wa mboga hapa Malindi, wazee wetu, mama zetu na vijana, assalaam alaikum, na ambao salamu yao ni nyingine, hamjambo nyote.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na daftari la mahudhurio liko kwa katibu. Anayetaka kulitazama alitazame. Mimi nimekuja na habari za shambani, hasa habari ya dania, ambayo wengine huiita giligilani, kwa kuwa ndiyo iliyotusumbua na ndiyo iliyotufunza.

Mnakumbuka Januari ilivyokuwa. Wapishi wa harusi walitufuata, akina mama wa Shela na Barani wakatufuata, na zile familia za Kihindi tunazowapelekea mboga tangu chama kianze. Wote walitaka kitu kimoja: dania mbichi ya hapahapa, si ile inayoshuka na lori kutoka bara ikafika Malindi imelala. Tukaona riziki imebisha hodi, tukapanda matuta mengi. Kaskazi, upepo wa msimu wa joto, imeshika, jua la utosi, mchanga unaunguza nyayo. Dania ikachipua kwa kusuasua, ikafika kimo cha kidole, kisha ikarefusha shingo, majani yakawa membamba kama nyuzi, ikatoa maua. Kwa mwenzetu wa Ganda nilisimama mbele ya matuta manne, yote meupe kama yamenyunyiziwa unga, na hakuna hata fungu moja la kupeleka sokoni. Yeye hakusema neno. Alikuwa amechota maji kisimani asubuhi na jioni kwa wiki sita.

Lawama zikaanza. Wapo waliosema mbegu ni mbovu, na kweli duka moja lilituuzia mbegu kuukuu ambazo nusu hazikuota. Wapo waliosema maji ni ya chumvi. Na wapo waliosema mwenyekiti ndiye aliyehimiza tupande. Hilo la mwisho ni kweli, nami nalikubali mbele yenu. Niliangalia mahitaji ya wateja, sikuangalia upepo.

Aliyetufungua macho ni mwanachama wetu aliye mbali kuliko wote. Wengi mnamjua: mtoto wa Kigujarati wa hapa mjini, aliyeolewa Leicester, Uingereza, na kila mwaka hutuma ada yake bila kukumbushwa. Leicester ni mji wenye Wahindi wengi waliotoka Afrika Mashariki, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia Uganda mwaka 1972, na baadhi yao wamekodi vijishamba vya jiji ambako hulima vyakula vya kwao. Nilimpigia simu kumpa pole ya msiba, mazungumzo yakaishia kwenye dania. Nikamwambia, "Dada, wewe kwenye baridi hiyo dania inakupa majani, sisi wenye jua inatutoroka."

Akacheka, kisha akanieleza taratibu. Kwake dania hupandwa kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, halafu tena Agosti na mwanzo wa Septemba. Ikipandwa Juni, wakati jua la Uingereza linakaa angani zaidi ya saa kumi na sita, hutoa maua upesi kama yetu. Kwao kinachoikimbiza ni siku ndefu, kwetu ni joto na kiu. Dania, alisema, ni mmea wa ubaridi. Kisha akasema jambo ambalo nilikaa nalo usiku kucha: hata Gujarat na Rajasthan, ambako ndiko mapishi haya yalikotoka, dania, uwatu na uzile hupandwa Oktoba na Novemba ili vikue wakati wa baridi. Bamia, karela, dodoki na mumunye ndivyo vya msimu wa joto na mvua. Kumbe Wahindi wenyewe wana vikapu viwili, na sisi tulikuwa tumemwaga vyote katika kikapu kimoja.

Sisi hatuna baridi ya Gujarat wala ya Leicester, lakini tuna kusi. Julai na Agosti upepo wa baharini hutuliza mji, usiku mtu hutafuta shuka, na mchana joto halifiki lile la Februari na Machi. Huo ndio ubaridi wetu. Ni mdogo, lakini ni wetu, na tulikuwa tunauacha upite mashamba yakiwa na mahindi tu.

Kabla ya kupanda tena nikaomba tuone kwanza kwa macho, na ndiyo sababu ya safari ya Wundanyi mwezi wa Mei. Wako walionung'unika juu ya nauli ya kwenda Taita kutazama mboga. Naamini nauli hiyo imerudi. Mnaoijua njia mnajua: ukipita Mwatate gari linaanza kupanda na kujipinda, masikio yanaziba, na ghafla unaona ukungu umelalia migomba. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na Mombasa imekuwa ikila mboga za Taita tangu zamani. Wazee wetu wawili walitetemeka mpaka wakaazimwa masweta.

Mama mmoja alitukaribisha kwenye matuta yake ya ngazi mlimani. Dania yake ilikuwa imejaa, shina fupi, majani mapana kama kiganja cha mtoto mchanga. Nikamwuliza siri. Hakujibu, aliingia ndani akatoka na bakuli la mbegu na chupa tupu ya soda. Akatandaza mbegu juu ya gunia, akaiviringisha chupa juu yake polepole, kama mtu anayesukuma chapati asiyetaka ipasuke. Nikasikia mlio mdogo wa kupasuka. Akaokota punje moja akanitilia mkononi: ilikuwa imegawanyika nusu mbili kama bakuli ndogo. Ile tunayoiita mbegu moja ya dania ni tunda lenye mbegu mbili ndani ya ganda gumu. Ukiipasua, maji huingia mapema na kila nusu huota peke yake. Ukibonyeza kwa nguvu unasaga bizari. Baada ya hapo anaziloweka usiku mmoja, anazipanda palepale zitakapokaa, wala hazihamishi, kwa kuwa mzizi wa dania ni mrefu na ukiguswa mmea hushtuka na kukimbilia maua. Tena hapandi zote siku moja. Kila wiki mbili hupanda tuta jingine.

Tulirudi na kufanya hivyo hivyo mvua za masika zilipopungua mwezi wa Juni. Nyongeza yetu ilikuwa kivuli cha makuti upande wa magharibi, kuzuia jua la alasiri, na matandazo ya nyasi kavu ili mchanga usichemke. Mlioona mwaka huu matuta ya Kakuyuni na Msabaha hamhitaji nihadithie. Tulikata majani, tukakata tena, mpaka kamba za kufungia mafungu zikatuishia. Mpishi mmoja wa pilau na biriani alinusa fungu, akaliweka chini, akaliokota akalinusa tena, kisha akauliza lilitoka bara gani. Nilimwambia limetoka maili chache kutoka jikoni kwake.

Uwatu nao una hadithi yake, na hapa bahati imetuangukia sisi watu wa pwani. Mumbai kuna uwatu mdogo uitwao samudra methi, yaani uwatu wa bahari, unaokuzwa kwenye mchanga wa ufuoni na kung'olewa ungali mdogo kabisa, pamoja na mizizi yake myeupe, ukafungwa vifungu vidogo vidogo. Dada yetu wa Leicester anauotesha kwenye visahani dirishani. Sisi tunao mchanga wa kutosha! Unachanganya na samadi iliyooza vizuri, unamwaga mbegu nzito kama unavyomwaga mchele kwenye ungo, unafunika kidogo, na ndani ya wiki mbili unavuna. Hauna muda wa kuchoka na joto wala kuliwa na wadudu. Ladha yake ni ya uchungu mtamu, na akina mama wa Kigujarati huutia kwenye unga wa thepla, chapati zao nyembamba. Anayelima kwenye ua wa nyumba aanze na huu.

Majani ya mchuzi, ambayo Wagujarati huyaita limdo, yamefanya vizuri bila kelele. Mti huu kwetu hupanda hadi juu ya paa, ilhali Leicester huuweka kwenye chungu, wakauingiza ndani Oktoba, na bado hudondosha majani wakati wa baridi. Mbegu zake msizikaushe mkazihifadhi. Zitoeni kwenye tunda bivu, zisafisheni nyama yake, mpande siku zile zile, la sivyo hufa. Machipukizi ya mizizini nayo hushika. Ila nawaomba jambo moja. Mwaka huu mwanachama alitaka kumpelekea dada yetu mche ndani ya begi, nami nikakataa, akakasirika. Mti huu ni wa ukoo mmoja na mlimau na mchungwa, na vijidudu vinavyobeba ugonjwa wa kuua michungwa huupenda sana. Mche hauvuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea, na hapa Kenya cheti hicho hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Sikukataa kwa ubaya.

Bamia, karela, mabilingani na dodoki sitayachosha masikio yenu nayo, mnayajua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba bamia ivunwe kila baada ya siku moja, maana ikikomaa haikatiki hata kwa panga. Na vitunda vya karela vifungwe karatasi vikiwa vichanga, kabla nzi wa matunda hajavitoboa. Mlioona mizizi ya bamia imevimba mafundo, hao ni minyoo wa udongoni, wanaopenda mchanga wetu. Hamisheni tuta, wekeni samadi nyingi, msirudie bamia wala bilingani mahali hapo msimu unaofuata.

Maji ndiyo donda letu. Visima vilivyo karibu na ufuo vina chumvi, na dania ni ya kwanza kulalamika: ncha za majani huungua kama zimepitishwa kwenye moto. Mfereji unaotuletea maji ya Baricho kutoka mto Sabaki hukauka siku ambazo tunauhitaji zaidi. Napendekeza mkutano huu uamue tununue tangi kubwa la kuvuna maji ya mvua kwenye paa la ghala letu, kabla ya masika. Inaniuma kuona mvua ya Mei inamwagika baharini halafu Agosti mama anabeba ndoo ya maji ya chumvi kichwani.

Nawashukuru walioendelea kuja kwenye vikao hata baada ya hasara ya Januari. Mwenzetu wa Ganda angeweza kuondoka, wala nisingemlaumu. Alirudi mwezi wa Juni na jembe lake, akawa wa kwanza kupasua mbegu.

Kwa mwaka ujao basi, kamati imekubaliana hivi. Bamia, karela, mumunye na dodoki ziingie ardhini na mvua za vuli, Oktoba na Novemba, zitulishe kaskazi nzima. Dania na uwatu wa majani makubwa visubiri Juni, viendelee kupandwa kwa zamu hadi Agosti. Atakayetaka kujaribu dania kaskazi ajaribu chini ya mwembe, tuta moja tu, atuletee habari. Mbegu zitagawiwa ghalani Jumamosi ya kwanza ya Juni, baada ya sala ya alasiri. Kila mmoja aje na gunia lake na chupa tupu.