Mbona amekonda?

Unguja, Ijumaa usiku

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi wazima alhamdulillah, joto tu ndilo linatumaliza, kaskazi ya mwaka huu imekuja na hasira. Mama anakusalimu, Maua anakusalimu, na Bi Kidawa kasema nikwambie lile deni lake hajalisahau. Sijui deni gani, mtajuana wenyewe.

Najua umeona kimya. Wiki tatu sikujibu hata salamu, na umenipigia mara mbili kutoka Maskati nikaiacha simu inalia. Nilikuwa nimekukasirikia, bora niseme. Ile picha ya mwanangu Ilham ya siku ya harusi ya Mwanaidi, amevaa kigauni cha njano ulichomletea, watu wote wameandika mashallah, wewe ukaandika, "Mbona amekonda?" Maneno mawili. Niliyasoma nimempakata. Nikamtazama, na tangu siku ile kila nikimtazama naona mbavu tu.

Hukuwa na nia mbaya, nakujua. Lakini neno lako lilinikuta kidonda kibichi. Siku mbili kabla ya harusi nilikuwa nimetoka naye kliniki. Unajua alizaliwa na kilo 2.8, si mkubwa, lakini na mie si mkubwa na baba yake unamjua. Wiki ya 6, siku ya chanjo, kilo 4.2. Wiki ya 10, kilo 5. Wiki ya 14, 5.6. Nilikuwa nikirudi nayo ile kadi kwenye daladala naifungua kila kituo kama mtu aliyepewa matokeo ya Fomu Foo. Alipotimiza miezi minne nikampeleka kupimwa tu, chanjo hakuna. 5.5. Kapungua! Nesi akatia nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya kabla yake, mstari ukainama. Akaniuliza, "Unampa nini?" Nikasema namnyonyesha, basi. Akasema, "Mh." Akamwita mwengine.

Ile "mh" ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Na hapo kila mtu akawa daktari. Mavyaa, mama yake Baba Ilham, akasema maziwa yangu mepesi, tangu lini mtoto akashiba maji meupe, apikiwe uji wa mchele mwepesi. Jirani wa upande wa bondeni akasema chango. Mdogo wake Bi Kidawa, yule yule, akaniita pembeni uani akaninong'oneza kwamba mtoto amebemendwa. Rukia! Baba Ilham yuko Pemba kwenye ujenzi, anakuja mwisho wa mwezi siku mbili, na mara ya mwisho siku zote mbili alikuwa na malaria. Nimembemenda kwa simu? Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda chooni nikalia.

Mavyaa akaleta na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani nzuri kabisa kwenye sahani nyeupe zikaoshwa, anywe mtoto vijiko vitatu. Nikasema sawa Mama, akatoka kidogo, nikalinywa lote mie. Nikajiambia litapita kwenye maziwa. Usimwambie mtu.

Sasa makopo yako. Yalifika katikati ya vurugu hilo, yule mgeni wako kayaleta usiku na salamu zako, makopo mawili ya maziwa ya unga makubwa kama ndoo. Mie nikayapokea kama hukumu. Nikasema hata Rukia kaona siwezi. Yako juu ya kabati mpaka leo, sijayafungua. Mavyaa akipita anayatazama, akinitazama mie. Kuna usiku niliteremsha moja, nikakaa nalo kitandani nikisoma maandishi ya Kiarabu nisiyoyajua, mkono uko kwenye mfuniko... Basi tu, nikalirudisha.

Maua ndiye aliyenizindua. Akaniuliza, walimpimaje? Nikaanza kumweleza, na katika kueleza nikasikia mwenyewe ninachosema. Ile mizani ya kule ni ya kuning'inia, imetundikwa kwenye boriti, mtoto anavalishwa kikaptula cha turubai anabembea kama ndizi. Ilham hataki, anarusha miguu, mshale unakwenda tano unarudi sita, nesi anausoma huku anamjibu mwenzake habari za mkopo. Na siku ile ya wiki ya 14, iliyotoka 5.6, kulikuwa na foleni ndefu mpaka nje, wakasema pimeni hivyo hivyo. Alikuwa na sweta (ndiyo, sweta, Mavyaa alimvisha kwa ajili ya upepo), nepi ya kitambaa ishaloa, na soksi. Mwezi wa nne alipimwa mtupu. Sasa niambie, hapo kapungua mtoto au imepungua nepi?

Nikampeleka kwengine. Mbali, daladala mbili, lakini nilipata nesi mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Kitu cha kwanza: "Vua vyote. Na bangili." Akasubiri mizani isome sifuri, akaweka khanga, akaisoma sifuri tena, ndipo akamlaza. 5.6. Akampima mara ya pili, 5.6. Akaichukua kadi akaitazama muda mrefu, na mie moyo unapiga mpaka nauona kwenye buibui.

Akanambia nukta moja haisemi kitu, inayosema ni njia. Mtoto anayezaliwa mdogo ana mstari wake mdogo, akiufuata hana neno, hata wenziwe wawe wanene kama mapapai. Tunachoogopa ni akiuacha. Akasema pia mwanzoni mtoto huongeza gramu 25 mpaka 30 kwa siku, akishapita miezi mitatu hupunguza mwendo, gramu 15 au 20, na hapo ndipo mama wengi wanapokimbilia kopo. Hilo hakuna aliyepata kunambia. Mie nilidhani mtoto anapanda tu kama kodi ya nyumba.

Na sikiliza hii. Nikamuuliza, mistari hii kaichora nani, Mzungu gani anamjua mwanangu? Akacheka. Akasema mistari ya zamani ilitokana na watoto wa Marekani, wengi wao wa chupa, ndiyo maana wetu wa ziwa walikuwa wanaonekana wamebaki nyuma. Shirika la Afya Duniani likaanza upya mwaka 1997, likapima watoto walionyonyeshwa katika nchi sita, likatoa mistari mipya 2006. Brazil, Ghana, India, Norwei, Marekani na Oman. Maskati, Rukia! Nilicheka peke yangu njia nzima. Yaani hata ndani ya kadi watu wa Maskati mnanisema mtoto kakonda.

Lakini hakuniachia kucheka tu. Alisema, hata tukiitoa ile nepi, mtoto wako kutoka wiki ya 14 mpaka leo, wiki ya 19, ameongeza kidogo sana. Yumo ndani ya mistari, ila anateleza. Nini kimebadilika nyumbani? Nikasema hakuna kitu. Akauliza, "Umerudi kazini lini?" Nikahesabu. Wiki ya 14. "Na mchana anakaa na nani?"

Sikumjibu haraka.

Nilirudi nyumbani mapema siku ya pili, sikumwambia mtu. Mavyaa amelala kwenye mkeka, Ilham pembeni yake anacheza na vidole. Nyuma ya chupa ya chai kuna kikombe cha bati, kile cha maua mekundu, kimefunikwa kisahani. Ndani maji ya vuguvugu na sukari, kijiko kimo humo humo. Kikombe kilikuwa nusu. Maziwa niliyokamua alfajiri yako kwenye friji, chupa moja haijaguswa.

Rukia, nilikaa na kile kikombe mkononi sijui nikasirike au nifanyeje. Maana si ubaya. Mtoto analia, jua linawaka, bibi anaona kiu, anampa maji. Kalea sita hivyo hivyo, wazima wote, na mmoja nimeolewa naye. Nitamwambiaje hajui kulea? Na ukweli mwengine ni kwamba bila yeye siendi kazini.

Nikafanya hila. Wiki iliyofuata nikamwambia Mama, mguu unaniuma, nisindikize kliniki. Nesi wa miwani nilikuwa nimeshamtonya. Akamwamkia shikamoo, akampa kiti, akamweleza yeye, si mie, kwamba tumbo la mtoto dogo, likijaa maji ziwa halipati nafasi, na maziwa ya mama yenyewe yana maji ya kutosha hata joto la namna hii mpaka miezi sita. Mavyaa akasikiliza, hakusema neno. Kwenye daladala kimya mpaka kituo cha Amani. Kisha akaniuliza, "Yule nesi mtoto wa nani?"

Nikajua yamekwisha. Kikombe sijakiona tena. Siku hizi yeye ndiye anayenifokea nikichelewa kukamua.

Nakamua alfajiri, na mchana nakamua shuleni kwenye stoo ya vitabu, mwalimu mkuu kanipa ufunguo. Wanafunzi wanadhani natunga mtihani, wanapita mlangoni kwa kunyata. Umeme ukikatika nakimbia kwa Mwanaidi kutafuta barafu. Na nahesabu nepi zilizoloa, nesi kasema zisipungue sita kwa siku, nimechora jedwali kwenye daftari la mahudhurio la zamani, Mavyaa anatia vema kwa kalamu nyekundu. Jana tulipata nane, akapiga kigelegele.

Juzi, wiki mbili tangu ile 5.6, amepima 5.85. Gramu 250! Nilimwomba nesi arudie.

Lakini bado, shoga. Bado naamka usiku nampapasa mapaja kama mtu anayechagua kuku Darajani. Juzi nimempima mkono kwa futi ya fundi cherehani, na nesi alishanikataza. Na mwezi ujao anatimiza miezi sita, aanze kula, hapo sasa uji wa Mavyaa utakuwa halali na vita itaanza upya, mzito au mwepesi, sukari au... ah.

Hasira zimeniisha, ndiyo maana naandika. Nisamehe ule ukimya, na mie nimekusamehe yale maneno mawili, ila usirudie kwenye picha. Niulize mie pembeni.

Sasa nijibu kwa utaratibu. Nassir wako alikuwa na kilo ngapi miezi mitano? Kadi yake unayo bado? Ipige picha unitumie. Ulipoanza kazi kule ulikuwa ukikamulia wapi, na wenzako walikuwa wanakutazamaje? Mama mkwe wako naye alimpa maji, au kwa ajili ya kiyoyozi hakuna aliyemwona ana kiu? Alipoanza kula ulianza na nini? Baba Ilham nimwambie habari ya kikombe, au nimwachie mama yake heshima yake? Na makopo haya niyafanyeje, nikimpa Fatma wa pacha utachukia? Yeye ana shida kweli, maziwa hayawatoshi wote wawili, na daktari ndiye aliyemwandikia.

Nasikia shemeji yako anakuja mwisho wa mwezi. Akiwa na nafasi kwenye mzigo, niletee halua. Kopo basi.

Wako,
Zuhura