Mjomba, koili yako nimeikuta ndani ya fuwele

Shikamoo mjomba,

Juzi kwenye simu uliniuliza huku ninasoma nini hasa, nami nikakujibu juujuu. Nakujibu sasa hapa hadharani, maana wapo wengi hapo Wete wanaouliza kama wewe.

Unakumbuka ulivyonifundisha kutafuta stesheni, tumekaa barazani kwako? Ulikuwa ukizungusha kile kinobu pole pole, sahani za kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, zinaingiana moja moja, mara sauti hiyo! Ukaniambia chaji inakwenda na kurudi baina ya koili, ule waya uliozungushwa, na kapasita, na redio huokota wimbi lile tu linalolingana na mwendo huo.

Basi mjomba, ninachosoma ndicho hicho. Kuna fuwele nyeusi za shaba na oksijeni, atomu zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama manda za sambusa. Wanafizikia Bednorz na Müller waliigundua jamii yake mwaka 1986, wakapewa Nobel mwaka uliofuata. Ile yenye metali ya yitriamu, ukiipoza hadi nyuzi 180 chini ya sifuri, umeme hupita ndani yake bila ukinzani hata chembe. Elektroni zake hutembea jozi jozi, na jozi hizo huvuka kutoka tabaka moja hadi jingine. Tabaka mbili ndizo sahani za kapasita, na kule kuvuka kwa jozi ndiko kunakofanya kazi ya koili. Chaji inapwa na kujaa humo, mjomba, bila waya wowote!

Stesheni yake lakini iko mbali. FM yako ni mitetemo milioni mia kwa sekunde. Hii inazidi trilioni kumi. Kwa hiyo tunaimulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, tunatazama upi umerudi na upi umemezwa. Tabaka za fuwele hii zimekaa mbili mbili: pengo jembamba, kisha pana. Mkondo wa umeme ukipanda kwenye jembamba, kwenye pana unashuka, na hapo ndipo mwanga unapomezwa. Kwenye grafu hutokea kilima, na mahali kiliposimama hutuambia jozi zinavuka kwa wepesi gani. Wapo walioona dalili za kilima hicho hata fuwele ikiwa na joto kupita kile kiwango ambapo ukinzani hutoweka, na ubishi juu ya hilo haujaisha.

Nikija Idi nitakuletea grafu. Nataka uitazame wewe kwanza, kabla sijakueleza neno.