Kagueni skripti kabla ya kurun

Mhariri, naomba nafasi niongee na vijana wa kompyuta hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji. Jamani kabla hujarun skripti (faili la amri) ya kufuta mafaili ya ofisi anza na bash -n, bash ndiyo programu inayoendesha skripti, na ukiweka -n inasoma sintaksi tu, yaani kama amri zimeandikwa sawasawa, haitekelezi kitu. Ila ukitumia pateni kama rm !(*.pdf), yaani futa yote isipokuwa pdf, itakulalamikia mabano hata kama juu umeandika shopt -s extglob, amri ya kuruhusu pateni za aina hiyo, maana hiyo shopt nayo haijatekelezwa! Wengi wakifika hapo wanaacha kukagua kabisa, inauma sana. Andika bash -O extglob -n halafu jina la faili, hapo extglob inawashwa tangu mwanzo na kelele zinaisha. Pateni yenyewe ukikosea haitakwambia, hiyo weka echo, inayoandika majina tu bila kufuta, badala ya rm uone kwanza itagusa nini.

Mdau, Kigoma